Kumweleza Mtani wa Kale Mzaha wa Mtandaoni: Anwani, Zamu na Deni kutoka Mashamba ya Mkonge ya Kabuku hadi Simu ya Mkononi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kipi kingehitaji kuelezwa, na kipi kisingehitaji, iwapo mzaha unaosambaa leo katika simu za mkononi ungewekwa mbele ya mfanyakazi wa mkonge wa ukanda wa Kabuku, katika Handeni na Korogwe, wa katikati ya karne ya 20. Kwa kuulinganisha mzaha huo na utani wa makabila, ngoma ya beni, jina la kanga na malumbano ya magazetini, inabainishwa kwamba mbinu za kuchekesha si ngeni kwa mtu huyo. Kilicho kigeni ni mfumo wa idhini. Utani ulikuwa na anwani, zamu na deni. Mzaha wa mtandaoni umerithi uhuru wa kutania bila kurithi masharti hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba migogoro ya miaka ya karibuni kuhusu kicheko nchini Tanzania hueleweka vizuri zaidi ikisomwa kama sehemu ya historia ya idhini hiyo.

Utangulizi

Kabuku iko kando ya barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda Segera, mahali ambapo njia hugawanyika kuelekea Tanga na Korogwe. Ni eneo la Wazigua, lakini kwa sababu ya mkonge ukanda huo umekuwa pia eneo la wageni kwa vizazi kadhaa. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, akitoa miche Florida. Miche michache iliyonusurika safari ndiyo iliyozaa mashamba yaliyotapakaa Pangani, Muheza, Korogwe na Handeni. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na baada yake mahitaji ya wafanyakazi yakapita kwa mbali idadi ya wenyeji waliokuwa tayari kufanya kazi hiyo. Watu wakaletwa kwa mikataba kutoka bara na kusini. Waliandikishwa kwa namba, wakaitwa manamba, na siku zao za kazi zikahesabiwa kwa kipande cha siku 30.

Ichukuliwe kwamba mmoja wa watu hao, wa miaka ya 1950, anaketi leo katika kijiwe cha vijana kandokando ya barabara ya Kabuku. Simu inapita mkononi mwa huyu na yule. Kila inapopita, kicheko kinalipuka. Mzee huyu wa kufikirika anauliza swali ambalo kila mgeni huuliza penye kicheko: mnamcheka nani? Swali linaonekana dogo. Hata hivyo, hakuuliza kwa nini jambo hilo linachekesha, wala chombo kile kinafanyaje kazi. Ameuliza kuhusu mtu anayechekwa, na katika makala haya swali lake ndilo linalofuatwa.

Masharti ya utani

Sehemu ya mwanzo ya maandishi ya kitaaluma kuhusu utani iliandikwa jirani na mashamba haya. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kisha akaipanua mada hiyo katika jarida la Africa mwaka 1944. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alikuwa amekwisha kutoa nadharia iliyokuja kutajwa zaidi: katika uhusiano wa aina hii mtu huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumtania mwenzake, naye anayetaniwa hutakiwa asikasirike. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisimamia ukusanyaji mpana wa maelezo ya utani nchini. Sehemu kubwa ya kazi hizi imeshughulikia kanuni za uhusiano kuliko vichekesho vyenyewe, yaani nani humtania nani, lini na kwa nini. Kwa mwanafunzi wa fasihi upungufu huo ni hasara. Kwa swali la mzee wa Kabuku ni faida, kwa kuwa hapo ndipo jibu lake linapoanzia.

Kutokana na maandishi hayo, masharti matatu yanaweza kutofautishwa. La kwanza ni anwani. Utani ulikuwa na pande mbili zinazojulikana: babu na mjukuu, shemeji na shemeji, ukoo na ukoo, kabila na kabila. Utani wa makabila ulielezwa mara nyingi kuwa ulitokana na vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu, kama ule wa Wangoni na Wahehe, au na misafara ya biashara iliyowakutanisha Wanyamwezi na Wasukuma na watu wa mwambao. Aliyesikia neno la dhihaka alijua limetoka upande gani na limeelekezwa upande gani.

Sharti la pili ni zamu. Aliyetania leo alikuwa ametega mgongo wake kwa kesho. Dhihaka isiyoweza kujibiwa haikuhesabiwa kuwa utani, bali uonevu. La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni deni. Mtani alidaiwa msaada. Msibani aliweza kuiga mwendo wa marehemu, kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, au kunyakua kitu cha wafiwa mpaka kikombolewe. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyetarajiwa kushika jembe, kuhudumia waombolezaji na kusimamia mazishi. Kwa mfanyakazi wa mkonge aliyefia kambini, mbali na ukoo wake, mtani aliweza kushika nafasi ya ndugu. Uhuru wa kumcheka mtu akiwa hai ulilipiwa kwa wajibu wa kumzika akifa.

Majina ya Kabuku Ndani na Kabuku Nje, yanayotajwa hadi leo, yanasaidia kuona mahali pa mtani katika ramani ya jamii. Mtani hakuwa wa ndani, kwani wa ndani alibanwa na heshima na haya. Wala hakuwa wa nje kabisa, kwani wa nje kabisa alipotukana alionekana adui. Alisimama mlangoni. Katika kambi zilizojaa watu wa lugha na mila tofauti, nafasi hiyo ya mlangoni ndiyo iliyomwezesha mgeni kusema na mgeni mwenzake bila kupigana.

Kisichohitaji maelezo

Wanaoeleza mzaha wa mtandaoni huanza kwa kawaida na umbo lake: picha ileile inazunguka ikibadilishwa maneno, sauti ya mtu mmoja inawekwa katika kinywa cha mwingine, stika ya uso wa mtu maarufu inajibu swali bila neno. Umbo hilo huitwa mimu, istilahi iliyobuniwa na mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976 kwa maana ya kipande cha utamaduni kinachoenea kwa kuigwa. Kwa mzee wa kambi ya mkonge, hata hivyo, uigaji unaosambaa na kubadilika njiani lilikuwa jambo la kawaida.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni ngoma ya beni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyochukua gwaride, vyeo na sare za wanajeshi wa kikoloni, ikaenea kutoka miji ya pwani hadi bara kupitia askari, wapagazi na wafanyakazi. Kila mji uliipokea ikiwa na umbo linalotambulika, ukatia watu wake na ushindani wake. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana katika mji mmoja baada ya mwingine. Beni haikuhitaji kueleza chanzo chake kila ilipochezwa. Aliyeuona mwendo wa kijeshi alijua unaiga nini, na raha yake ilitokana na tofauti kati ya kilichoigwa na anayekiiga. Picha inayobadilishwa maneno katika simu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Fumbo linaloweza kukanwa nalo si geni. Jina la kanga humwezesha mvaaji kumpiga kijembe jirani huku akibaki na jibu la kujikinga: maneno yameandikwa kiwandani, yeye amenunua nguo tu. Rose Marie Beck, aliyechunguza kanga kama chombo cha mawasiliano, ameuweka utata huo katikati ya uchambuzi wake. Kijana wa leo anayetuma picha ya dhihaka kisha akasema ameipokea na kuipeleka mbele tu, amesimama mahali pa mvaa kanga. Hakuandika, lakini amechagua, na kila mtu anajua amechagua.

Hata mzaha wa mbali, baina ya watu wasioonana, una historia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, liliwapa wasomaji wa Tanganyika nafasi ya kuandikiana barua na mashairi, kuulizana mafumbo na kujibizana kutoka miji iliyo mbalimbali. Washairi waliweza kubezana kwa miezi kadhaa bila kukutana. Baada ya uhuru katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye vibonzo vya jarida la Sani, vilizoeza wasomaji kucheka pamoja juu ya mhusika mmoja nchi nzima. Tofauti moja ya kimsingi yafaa kuzingatiwa: aliyeandika katika Mambo Leo alitaja jina na mahali anapokaa, na shairi lake likapita mbele ya mhariri. Umbali ulikuwepo, lakini anwani haikupotea.

Kinachohitaji maelezo: mfano wa vidole vitano

Uzito wa maelezo unaonekana katika picha moja sahili: kiganja kilichonyoosha vidole vitano, bila maneno. Kwa shabiki wa kandanda wa Tanzania picha hiyo inaweza kutosha kumnyamazisha mtu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Lakini kiganja hicho hakielezeki kwa mchezo huo peke yake. Nyuma yake kuna mabao 5 kwa 0 ambayo Simba iliifunga Yanga mwezi Mei 2012, na ambayo mashabiki wa Yanga walikumbushwa kwa zaidi ya miaka 11. Nyuma zaidi kuna mabao 6 kwa 0 ya Simba mwaka 1977, na mabao 5 kwa 0 ya Yanga mwaka 1968, wakati Simba ikiitwa bado Sunderland. Vidole vitano ni hesabu ya madeni.

Mzee wa Kabuku angehitaji kuelezwa majina na tarehe, lakini baada ya hapo angeelewa upesi kuliko mgeni yeyote msomi. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo linastahili kuchukuliwa kwa maana yake kamili. Anwani ipo: kila mtu anajulikana ni wa upande gani, na asiye na upande hulazimishwa kuchagua. Zamu ipo: aliyecheka mwaka 2012 alichekwa mwaka 2023, na aliyecheka mwaka 2023 anajua kwamba picha zake zimehifadhiwa zikisubiri siku yake. Hata deni lipo kwa kiasi fulani, kwani watani hawa hukaa nyumba moja, hufanya kazi ofisi moja na huzikana. Kwa hiyo mizaha ya mitandaoni ya kandanda, ingawa ni mikali, huvumilika. Imeingia katika umbo la kijamii lililokuwepo kabla ya simu.

Jambo moja katika mfano huo ni jipya kweli. Utani wa kambini ulikwisha pamoja na kicheko chake. Kilichobaki kilikuwa kumbukumbu ya waliokuwepo. Picha ya mwaka 2012 haikuhitaji mtu wa kuikumbuka. Iliwekwa, ikatafutwa, ikarudishwa. Zamani mtani aliweza kusahau kwa makusudi, na kusahau huko kulikuwa sehemu ya suluhu. Leo kusahau kunahitaji idhini ya kila aliyehifadhi picha.

Pale anwani inapokosekana

Mwisho wa mwaka 2015 ulitoa mfano mwingine. Baada ya John Magufuli kuapishwa mwezi Novemba na kuanza kubana matumizi ya serikali, pamoja na kufuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumiwe kufanya usafi, ilienea alama ya reli #WhatWouldMagufuliDo, iliyouliza yeye angefanya nini. Watu wa Tanzania, Kenya na kwingineko walituma picha za njia za kuchekesha za kuokoa fedha, kila mmoja akijifanya amefuata mfano wa Rais mpya. Aliyechekwa alikuwa nani? Mwanzoni wengi walimsifu Magufuli kwa kuwatania viongozi wao wenyewe. Lakini picha ileile iliweza kusomwa kuwa sifa, kuwa kebehi ya ubahili, au kuwa pigo kwa viongozi wa nchi nyingine. Haikuwa na upande mmoja uliotoka wala upande mmoja ulioelekezwa.

Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa imetunga Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mwaka 2018 zikafuata kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka watoa maudhui wajisajili na kulipa ada. Jambo hili lina maana kwa historia ya kicheko, bila kujali msimamo wa msomaji kuhusu sheria zenyewe. Usajili ni jaribio la kurudisha anwani, yaani kujua nani amesema. Lakini ni anwani ya upande mmoja tu, inayomjulisha msemaji kwa mamlaka. Zamu na deni havirudi pamoja nayo.

Pengo hilo lilidhihirika Oktoba 2019, mchekeshaji Idris Sultan alipohojiwa na polisi baada ya kuweka mtandaoni picha zilizobadilisha sura yake na ya Rais, na tena Mei 2020, alipokamatwa kufuatia video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais. Katika tukio la pili hapakuwa na neno la dhihaka lililotungwa; kilichoonekana ni kicheko chenyewe. Kwa istilahi za utani, suala lililokuwa likiamuliwa ni kama raia na kiongozi wa nchi wanaweza kuwa watani. Majibu mawili yanayopingana yote yana asili katika mila. Mjukuu humtania babu, na kiongozi aliyeitwa baba wa nyumba anaweza kuonekana hayumo katika uhusiano huo, kwa kuwa mtoto hamtanii baba. Upande wa pili, jamii nyingi za ukanda huu ziliwaachia watani wasema mbele ya wakubwa maneno ambayo wa ndani hawakuthubutu kuyasema. Mtandao haukuleta mgogoro huo. Uliunyang'anya mlango uliokuwa ukisimamiwa na mtani, ukamwacha kila msemaji ama ndani kabisa, anakotakiwa kuwa na adabu, ama nje kabisa, anakohesabiwa adui.

Tahadhari

Ulinganisho huu haupaswi kuifanya kambi ya mkonge kuwa paradiso ya kicheko. Uhuru wa mtani ulitumika pia kuwadhalilisha wanawake kwa maneno ambayo hawakuweza kuyajibu kwa kiwango kilekile, na wafanyakazi wa makabila yaliyodharauliwa walibeba majina ya kejeli ambayo hakuna zamu iliyoyafuta. Methali isemayo kwamba mzaha mzaha hutunga usaha isingehitajika katika lugha ambayo mizaha yake yote ilipona. Aidha, maandishi ya wakati wa ukoloni yalipendelea kuonyesha utani kama mashine ya amani. Mwajiri na mtawala walikuwa na sababu ya kufurahia chochote kilichotuliza kambi. Masharti matatu yaliyojadiliwa hayathibitishi kwamba watu wa kale walitaniana vizuri zaidi. Yanathibitisha kwamba walikuwa na kipimo cha kusema lini utani umegeuka matusi, na kwamba kipimo hicho hakikutegemea maneno yaliyotamkwa bali uhusiano wa waliotamkiana.

Hitimisho

Mzee wa Kabuku alipouliza mnamcheka nani, alikuwa akiuliza kama kuna mtu wa kulipa deni la kicheko hicho. Katika picha ya vidole vitano jibu linapatikana mara moja. Katika picha inayosafirishwa na watu maelfu wasiojuana, ikimlenga msichana wa kijijini aliyepigwa picha bila kujua, halipatikani. Na hapo ufafanuzi wowote wa mbinu, kejeli au chanzo cha picha hautamsaidia kucheka. Si kwamba haelewi. Ameelewa kwamba anayechekwa hana zamu, na kwamba hakuna hata mmoja wa wanaocheka atakayefika kushika jembe siku ya msiba wake.

Uchambuzi wa mzaha wa Kiswahili mtandaoni, ambao hadi sasa umeelemea lugha ya misimu na uchanganyaji wa msimbo, una haja ya kurudisha swali hilo katikati. Kundi la WhatsApp la ukoo, la wanakijiji waliohamia Dar es Salaam au la mashabiki wa timu moja si sawa na ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima, hata kama picha inayotumwa ni ileile. Katika kundi la kwanza watu wanaweza bado kuchangishana mchango wa msiba saa chache baada ya kutaniana. Hapo utani unaishi, umebadilisha chombo tu. Nje ya hapo kimebaki kicheko kinachotafuta mtani wake.